Zamu ya Bondeni Imefika, Nami Sijasema Ndiyo

Mpendwa mshauri,

Niwie radhi kwa kuchelewa kukuandikia, kila nikishika kalamu mdogo analia au cherehani inakata uzi, na ukweli ni kwamba nilikuwa naomba jambo hili lijimalize lenyewe mimi nisihusike, lakini limekataa, kwa hiyo naomba msaada wako.

Huku kwetu pembezoni shule tatu zimeungana, tunaziita ya Juu, ya Bondeni na yetu ya Kiwandani, maana kila moja peke yake ilikuwa hoi, na sasa zina mwalimu mkuu mmoja na kamati moja, na mimi fundi wa kushona sare, niliyeishia shule ya msingi, nimo kwenye kamati kwa niaba ya wazazi wa Kiwandani. Hatupigi kura. Jambo halipiti mpaka kila shule iseme ndiyo, hata mkuu mwenyewe hawezi kuturuka.

Tuna mwalimu mmoja tu anayejua kweli kuwafundisha wadogo kusoma, tunamwita Bi Taratibu, na tulikubaliana azunguke, mwaka hapa, mwaka pale. Nani alipiga kelele kuliko wote kwamba azunguke? Mimi, wakati ule yuko Juu na sisi hatuna mtu. Akaja kwetu. Binti yangu, ambaye akiitwa kusoma alikuwa anajificha chini ya dawati, juzi amenisomea maandishi yote ya mfuko wa unga, nikaacha kushona nikamkumbatia, akasema, "Mama, niachie, sijamaliza."

Sasa ni zamu ya Bondeni. Kikao cha kwanza nilisema mtoto ana homa, na homa hakuwa nayo; cha pili nikakaa kimya nanyonyesha, wakaahirisha. Mama Pacha, mwakilishi wa Bondeni, rafiki yangu wa siku nyingi, akanifuata nje: "Shoga, wangu wawili bado wanashika kitabu kichwa chini. Unasubiri waote ndevu?" Nikacheka, yeye hakucheka. Mume wangu anasema tumhamishie binti Bondeni amfuate mwalimu, yaishe, "kwani wewe ndiye waziri wa elimu?" Nimechoka, mshauri, nalala nimechoka naamka nimechoka zaidi, na najua watoto wa Bondeni ni watoto, lakini huyu ni wangu.

Sikuombi mengi. Nitumie maneno ya kumwambia Mama Pacha, maneno ya kumwambia binti yangu, na jibu kama nimhamishe au nisimhamishe.

Mama wa Kiwandani

Mama wa Kiwandani,

Pole. Cherehani, mtoto kifuani na kamati juu yake, hata aliyelala vizuri angeyumba. Pole yangu inaishia hapo.

Kumpenda mwanao si kosa. Lakini Bi Taratibu alipokuwa anatoka Juu, kuna mama kule aliyesema ndiyo huku mwanawe yuko katikati ya kitabu, ndiyo maana wako leo anasoma mifuko ya unga. Ulimshukuru? Mmeachiwa kuongoza bila kura kwa sababu mnaaminiana. Ukinyamaza, wewe peke yako umekuwa mkuu wa shule zote tatu, na hakuna aliyekuchagua.

Binti usimhamishe. Mwakilishi akimtoa mwanawe, wazazi wengine nao watafungasha, na Kiwandani itabaki na madawati matupu. Mwambie mumeo hivyo, kisha mwambie jioni akae na mtoto wasome, hiyo haihitaji waziri.

Sema ndiyo, ila usiseme mikono mitupu. Dai kwamba mpaka muhula uishe, mwalimu wenu wa darasa la kwanza akae darasani na Bi Taratibu aone anavyofanya, na baadaye awe anakwenda Bondeni kumtazama. Juu nao walipaswa kufanya hivyo alipokuwa kwao. Nyote mlihangaika kumpata, hakuna aliyefikiria atakachoacha nyuma akiondoka.

Sasa maneno uliyoomba. Mama Pacha mfuate nyumbani kwake kabla ya kikao, usimtumie ujumbe: "Mtoto hakuwa na homa. Niliogopa. Mwalimu mchukueni." Usipambe. Binti mwambie, "Mwalimu wako anakwenda kuwafundisha wale pacha. Wewe tunaendelea ulipoishia, mimi na wewe." Atalia. Mshike mpaka anyamaze, kisha nenda kikaoni uwe wa kwanza kusema.