Kinjia cha kwa Shangazi

Bombambili, Songea

Mdogo wangu Maria,

Baridi yetu ni ileile, na mimi nina furaha ya mtoto! Jana mtaa ulichagua vinjia vya kuziba ili palimwe mahindi. Kanuni yao imenivutia mno: kinjia kinazibwa tu kama kuzunguka kwa njia zinazobaki hakuzidi mara mbili ya urefu wake. Hivyo vinabaki vichache, na bado hakuna jirani anayekuwa mbali sana na mwenzake.

Wakafika kwenye kile cha kutoka kwa marehemu mama hadi kwa shangazi.

"Hiki kizibwe," akasema mwenyekiti.

Shangazi akainua fimbo. "Ziba, mwanangu, halafu uwe unakuja kunibeba mgongoni!"

Watu wakacheka. Nikaomba tupime. Nilishika ncha moja ya kamba ya kuanikia nguo, mwenyekiti nyingine, tukapima kinjia, kisha mzunguko wa barabarani. Ulizidi mara tatu!

Kimebaki, Maria. Jioni nilikipita na bakuli la mboga ya likolo ya karanga, nikakuta shangazi ameacha mlango wazi kama zamani. Mungu akulinde, uje tukipite wote.

Kaka yako,
Anselmi