Rangi ya Muda Mbele ya Wakwe wa Neema

Jumapili usiku, Goba

Ati "marahaba, mwanangu"! Mie!

Leo wakwe wa binti yangu Neema wamekuja kujitambulisha. Jana nilipita saluni, nikamwambia msusi anipake ile rangi nyeusi ya muda, ifunike mvi, nisionekane nimechoka mbele ya wageni. Ikakaa vizuri mno.

Mama wa kijana akaingia, kichwa kizima mvi. Sikuwaza. Nikapiga goti kidogo, nikampa shikamoo. Akaitikia bila wasiwasi wowote, kisha akamgeukia Neema: "Mama yuko wapi?"

"Ndiye huyu," Neema akajibu, anajibana asicheke.

Kwenye chai ndo nikajua kwamba yule mama nimemzidi umri. Lakini shikamoo nilishaitoa. Tangu hapo kila alilosema nikawa naitikia "ndiyo, mama." Hata harusi ifanyike kwao Songea, nimeitikia! Hapo Neema hakucheka tena.

Wanarudi Jumamosi kumaliza mazungumzo. Msusi alisema rangi itatoka yenyewe nikiosha mara kadhaa. Tangu waondoke naosha tu, kichwa kinaniwasha.

Maji bado meusi.