Dobi Hakuulizwa

Jumatatu, 3 Machi

Babu mpendwa,

Shikamoo. Habari za mabeseni na pasi? Mgongo unaendeleaje? Mimi mzima, ila roho haijatulia.

Mwalimu wa fasihi ametupa utenzi, nimekunakilia wote nyuma ya karatasi hii. Mpagazi mweusi anashtakiwa kuiba saa ya bwana mkubwa wa stesheni, mzungu. Anafungwa miaka saba. Baadaye saa inaonekana ndani ya koti la bwana mwenyewe, na hakuna anayeomba radhi. Nimeusoma mara tisa, nikalia mara mbili (ya pili kidogo tu).

Ijumaa ya wiki ijayo kila mtu atasimama mbele ya darasa kuueleza. Asiyesimama anapata sifuri. Unanijua, Babu. Juzi niliitikia "nipo" kwa sauti ndogo hadi nikaandikwa sipo. Tafadhali mwandikie mwalimu kwamba naumwa koo. Liwe baya sana.

Mjukuu wako

Alhamisi, 6 Machi

Mjukuu wangu,

Marahaba. Mgongo upo, unanisalimia kila nikiinama.

Utenzi nimewasomea wateja. Fundi viatu wa jirani amekasirika hadi akajigonga kidole. Mama wa mashuka amegoma: hachukui mashuka yake mpaka mpagazi aachiwe.

Mimi nina jambo moja. Ubeti wa kumi na moja:

Koti lapelekwa dobi,
mpagazi gerezani.

Kumbe lilifika kwa dobi! Miaka arobaini sijatia koti majini kabla ya kupekua mifuko. Nimekuta barua za mapenzi, nimekuta meno ya bandia. Nikishapiga pasi, kila kitu narudisha mfukoni kilimotoka. Dobi yule aliiona saa. Mbona hakuitwa? Kesi inasikilizwa lini, nije?

Barua ya mwalimu hii hapa, nimeigandisha kwa gundi. Usiifungue.

Babu yako

Jumamosi, 15 Machi

Babu,

Shikamoo, ingawa leo naitoa shingo upande.

Mwalimu aliisoma barua yako kwa sauti: "Koo la mtoto ni zima. Anaogopa. Mwulize habari za dobi." Darasa zima likaangua kicheko. Nilitamani ardhi ipasuke.

Kijana wa dawati la nyuma akasema, "Dobi gani tena? Huyo si anapita tu!"

"Hapiti tu!" nikasema. "Anapekua mifuko!"

Nikajikuta nimesimama.

"Kama aliiona, mbona hakusema?" akauliza yule kijana.

"Amwambie nani? Nani alimuuliza? Rangi yake ilikuwa ile ile ya mpagazi. Korti haikuwa inatafuta saa. Ilitaka mtu mweusi, na mmoja ilikwisha mpata."

Hakuna aliyecheka, Babu. Sikuweza kunyamaza. Nilieleza hadi ya meno ya bandia. Mwalimu aliniambia mara mbili nikae.

Sasa koo linaniuma kweli.

Mjukuu wako

Jumatano, 19 Machi

Mjukuu wangu,

Marahaba, hata ya shingo upande naipokea. Pole na koo. Sukutua maji ya chumvi.

Barua yako nimeisoma hapa dukani. Fundi viatu ameomba irudiwe. Mama wa mashuka akauliza, "Kwa hiyo mpagazi ameachiwa?"

Nikamwambia bado, ila shahidi amekwisha sikilizwa.

Akafikiri sana. Akachukua nusu ya mashuka.

Babu yako, dobi