Zamu ya Jumapili

Kalama, Machakos

Baba mpendwa,

Pokea salamu nyingi kutoka huku Ukambani, kwa binti yako Kemunto. Goti lako limepona, au bado unamficha Mama maumivu? Sisi tu wazima. Mume wangu Mutua anakusalimu, na anasema majani ya chai ya kwetu Kisii yamemharibu, hawezi tena kunywa mengine.

Leo nakuandikia nikiwa nimeshusha pumzi. Kuna jambo nilikuficha, Baba, kwa kuwa nilijua utasema, "Si nilikuonya usiolewe mahali ambapo Wasabato ni wa kuhesabu?"

Unajua shida ya huku ni maji. Mwaka huu kikundi chetu cha mwethya, yaani majirani wanaosaidiana kazi, kiliamua kujenga ukuta wa mawe na simiti kukatiza mto. Mvua ikija, mchanga hujaa nyuma ya ukuta, na wakati wa kiangazi unachimba mchanga huo unapata maji. Siku ya kazi ilipangwa Jumamosi. Sisi familia tatu za Wasabato tukasema siku hiyo hatuwezi, tutabeba mawe Jumapili. Hapo ndipo moto ulipowaka. Mwenyekiti wetu, Mama Kioko, Mkatoliki mwenye sauti ya kufukuza nyani shambani, alisimama mkutanoni akasema, "Mtu hatakuja siku ya mwethya, asikuje kuchota hii maji! Sisi hatuko na watu wa Jumapili."

Baba, nililia. Haikuwa hasira tu, niliogopa. Mtu ataishije Kalama akinyimwa mto? Tuliendelea kubeba mawe yetu Jumapili, peke yetu, wengine wakipita na Biblia zao na kututazama kama wapagani.

Ukuta ulimalizika siku ya Ijumaa. Fundi akaonya kwamba lazima umwagiwe maji kila siku, asubuhi na jioni, la sivyo utapasuka na mafuriko ya kwanza yataubeba. Jumapili ikaja na jua kali ajabu. Wakatoliki walikuwa na askofu, Waprotestanti walikuwa na harambee, na kila mtu alidhani mwenzake ameenda mtoni. Sisi wanawake watatu wa Kisabato tulikuwa huko tangu asubuhi, tukichota kwenye vishimo vya mchangani na kulowesha magunia yaliyofunika ukuta.

Mara tukamwona Mama Kioko anateremka mbio na kitenge chake cha misa, viatu mkononi. Alikuwa ameukumbuka ukuta katikati ya mahubiri. Akashika gunia, akakuta linachuruzika maji.

"Nani amewatuma?" akauliza.

"Hakuna mtu, mama. Jumapili ni siku yetu ya kazi."

Akaketi juu ya jiwe, akacheka mpaka machozi yakamtoka. "Aiya! Kumbe simiti haiko na Sabato! Tungekuwa wote wa kanisa moja, hii ukuta ingekauka. Ni muvea, wanangu." Hiyo ndiyo asante yao. Kisha akachukua mtungi, akaingia mchangani pamoja nasi.

Kuanzia hapo Jumamosi ikawa zamu yao na Jumapili yetu, wala hakuna aliyetaja tena kunyimana maji. Juzi mvua ilinyesha na mto ukaja na hasira zake zote. Tulikwenda kutazama roho zikiwa mkononi. Umesimama, Baba! Ukuta umesimama!

Pale pale ukingoni Mama Kioko akaniambia nianzishe Baba Yetu. Wakatoliki walipofika mahali wanapokomea, walinyamaza, wakatungoja tumalizie maneno yetu ya "Kwa kuwa ufalme ni wako." Halafu Amina tukaitoa pamoja. Nilifurahi mno, sijui hata nikuelezeje.

Nisalimie Mama, shangazi na kuku wake, na kaka yangu mwalimu ambaye simu zangu hapokei. Wazee wenzako wa kanisa nao uwasalimu. Waambie binti yako bado anashika Sabato, na siku hiyo wanaomlindia ukuta ni Wakatoliki.

Mwanao akupendaye,
Kemunto