Kandege, uko wapi?

Butembo

Shemeki Mélanie,

Huku mvua inanyesha muzuri, maharagi inakomaa. Mutoto wetu Bénite alileta poème moja, shairi ya ndege, toka masomo. Kila asubui anaimba: «Kandege, uko wapi?» Dada yako Tamar alikuwa anamujibu toka ku jikoni: «Twi, twi, twi, niko hapa!» Mara tatu, mbio-mbio, mupaka bote banacheka.

Tangu tulizika Tamar, mutoto anauliza, kisha anangojea. Jana nilijibu mimi. Akaniambia: «Hapana papa, si wewe.»

Njo maana nakuandikia barua. Usipige simu kwanza. Sauti yako na ya Tamar ni moja, na Bénite akisikia tu «allô» yako, atauliza: «Kandege, uko wapi?»

Shemeki yako,
Ananie