Chetezo cha Bi Amne na Mkaguzi wa Bima

Bi Mwanamwema, shikamoo. Nakuomba unijibu kabla ya Jumatano, maana Jumatano mkaguzi wa bima anarudi, na mimi na mume wangu tumepanga jambo ambalo nataka kwanza ulisikie wewe.

Nakaa Kendwa. Mume wangu Haroub alipojenga nyumba hakutaka bati wala vigae, alitaka makuti, makuti juu ya makuti, paa refu mpaka watalii wanaopita wanatuuliza chumba bei gani, na ndani akatia milango ya kuchonga na nje bwawa la kuogelea, yaani kila alichokichuma maishani kimo mle, na nyuma ya ukuta wetu ni vichaka na mashamba ya mawe ambayo kila kiangazi wenyewe hufyeka na kutia moto ili wapande mvua zikianza. Kiangazi hiki upepo ukazirusha cheche, nyumba ya wageni ya jirani ikaungua paa lote zikabaki nguzo, kwetu sisi zikaishia ukutani kwa rehema za Mungu tu, na ndipo Haroub akakumbuka kuwa nyumba yake haina bima.

Kampuni ikatuletea mkaguzi, kijana mpole anaitwa Yussuf, viatu vinang'aa. Akatazama makuti, akatazama vichaka, akaguna. Akauliza kama tuna king'ora cha moto, Haroub akasema kiko njiani. Akauliza kama kuna moto wowote unaowashwa chini ya paa hili, Haroub akasema hakuna, sisi tunapikia gesi, tena jiko la nje. Neno halijamkauka mdomoni, mama mkwe wangu Bi Amne akatoka chumbani na chetezo kimejaa makaa mekundu, udi unafuka, akamwambia, "Karibu mwanangu, simama hapo nkufukize, mgeni hatoki kwangu bila ya harufu nzuri." Akamzungushia miguuni, akakipandisha mpaka kwenye kola ya shati, na cheche moja ikaruka ikatua kwenye karatasi zake. Kijana akaizima kwa kiganja, akasema, "Ahsante bibi, udi mzuri," kisha akasema atakuja kukagua upya kabla ya kutoa jibu.

Bi Amne ni mtu wa mjini, Mkunazini, kila magharibi lazima afukize vyumba vyote, mapazia, mpaka nguo za kabatini. Haroub hathubutu kumgusa mamake kwa neno, na mimi ni mkaza mwana, niseme nini? Basi tumepanga Jumanne tumpeleke mjini, Michenzani, kwa wifi yangu Biasha, tumwambie Biasha anaumwa, na Biasha ni mzima wa afya, chetezo tukifiche kwenye gari, na Yussuf akiuliza tumwambie yule bibi alikuwa mgeni tu, ameshaondoka.

Na usidhani namuonea. Kila asubuhi anakaa baraza ya nje anakunywa kahawa na hao hao wachoma vichaka, Mzee Silima na wenzake, watu wanaotuweka roho juu, na anawapa haluwa niliyowawekea wageni wangu. Siku ile ya moto, sisi tunakimbizana na ndoo, yeye nguo zake keshazianua tangu asubuhi na kuzikunja, mapipa ya uani keshayajaza maji mpaka juu, amekaa anatutazama. Asubuhi alianza kusema kitu, lakini yeye kila siku ana la kusema, na Haroub alikuwa kwenye simu.

Tukikosa bima na moto ukarudi, tutabaki na bwawa la kuogelea tu. Nimpeleke Michenzani, au nifanye nini?

Mkaza Mwana, Kendwa

*

Marahaba, mkaza mwana. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya kwanza nikicheka, ya pili nikitafuta bakora.

Pole kwa hofu uliyoipata. Kuona paa la jirani linabaki nguzo si jambo dogo, na najua mikono ya nani ilibeba ndoo. Lakini huo mpango wenu ni wa kitoto. Mkaguzi ameshafukizwa. Shati lake limenukia udi mpaka ofisini, na wenzake wamemuuliza harusi ilikuwa wapi. Leo umwambie yule bibi alikuwa mpita njia? Mpita njia gani anatembea na makaa?

Tena sikiliza. Bima inasimama juu ya kile mlichokisema. Mkisema nyumba haina moto, na siku moja paa likaungua, watakuja watu kuuliza majirani, na Kendwa nzima inajua kwenu mnafukiza saa ngapi. Hapo mtakosa nyumba na mtakosa fidia, na mtakuwa mmeshamvunjia mama wa watu heshima bure.

Sasa Haroub. Mwanamume ameweza kusimamisha paa la kuonekana tangu barabarani, anashindwa kuzungumza na mamake? Hiyo si kazi yako, na asikutume. Aende mwenyewe, akae chini, asisimame mlangoni na ufunguo wa gari mkononi, amwambie, "Mama, udi wako naupenda, makuti yangu nayaogopea." Asimkataze kufukiza, amhamishie mahali. Ukingo wa bwawa lenu ni wa saruji na juu yake ni mbingu tupu. Chetezo kikae hapo, na nguo zake zifukiziwe hapo hapo, na harufu itaingia ndani yenyewe. Na tafadhali usije ukamnunulia chetezo cha umeme. Hilo ni tusi.

Yussuf mwambieni kweli yote. Muulizeni kama hayo makuti yanaweza kupakwa dawa ya kuzuia moto, na kama lazima upande wa nyuma ubadilishwe uwe vigae, ubadilishwe, Haroub alie kidogo halafu azoee. Vichaka vilivyoegemea ukuta mvifyeke, ubaki uwanja mtupu ambao cheche zikianguka zife njaa. Bima ikija ghali kidogo kwa sababu ya ukweli, ilipeni.

Nimebakisha neno moja, nalo ndilo lililonifanya nitafute bakora. Umeandika mwenyewe, kwa mkono wako, kuwa siku ya moto Bi Amne alikuwa keshaanua nguo tangu asubuhi na mapipa keshayajaza. Hukujiuliza alijuaje? Mwanangu, Mzee Silima na wenzake hawatii moto kimya kimya. Wanamwambia mwenye nyumba anayewapa kahawa, na katika nyumba yenu yuko mmoja tu. Alikuja kukwambieni, mkamwona mzee msumbufu. Mlisikia harufu ya moshi kabla ya kusikia sauti yake. Na hicho kiangazi hakijesha, na nyinyi ndio kwanza mnamfungia mkoba aende Michenzani.

Bi Amne haendi popote. Nenda kampige busu la mkono, umuombe radhi, na kesho asubuhi ukae naye barazani, uwamiminie wale wazee kahawa kwa mkono wako mwenyewe. Waulize siku gani wanatia moto na upepo wanautazama vipi, na Haroub siku hiyo awepo na maji, simu aiweke chini. Haluwa ya wageni ikiisha, nunua nyingine.

Jumatano mlango aufungue Bi Amne mwenyewe. King'ora cha kwenye dari mtanunua, hilo ni lazima. Lakini Yussuf akiuliza tena kama nyumba hii ina chochote cha kuwatahadharisheni na moto, mwambie kimoja mnacho tangu zamani, kimekaa baraza ya nje, kinakunywa kahawa.