Sarafu ya Tisa Haikulia

MAELEZO YA SHAHIDI (MARA YA PILI)

Kituo: Kituo Kidogo cha Polisi, Kapngetumo, eneo la Sigowet, Kaunti ya Kericho
Tarehe: Jumapili, 16 Machi 2025
Saa ya kuanza: Saa tano na dakika kumi asubuhi
Jina la shahidi: Noah Kiptum Langat
Umri: Miaka 63
Kazi: Mkulima wa majani chai na ng'ombe wa maziwa, zamani karani wa majani
Makao: Kijiji cha Kapngetumo
Afisa anayeandika: Konstebo Nyambeki

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Nimekuja mwenyewe, sikuitwa. Juzi Ijumaa niliandikisha maelezo kwenye meza hii kwamba mpangaji wangu, Wilkista Amondi, ameniibia sarafu ya zamani ya marehemu baba yangu. Kwa maneno yangu alikamatwa. Mpaka sasa yuko katika seli ya kituo hiki, na kesho anapelekwa kortini. Maneno yale hayakuwa ya kweli. Naomba niseme yote tangu mwanzo na yaandikwe jinsi ninavyosema, hata pale ninapoonekana mjinga.

Kwa miaka ishirini na sita nilikuwa karani katika banda la kununulia majani. Wakulima walileta, mimi nikapima na kuandika. Mama mmoja akisema amechuma kilo kumi na tatu na mizani iseme kumi na moja, niliandika kumi na moja. Sikuwahi kubishana na mizani, na nilijivunia hilo mpaka kanisani. Sisemi haya kujitetea. Nasema kwa sababu ndiyo akili niliyokuwa nayo wiki hii.

Mwezi wa pili nilinunua mashine ya kutafuta vyuma vilivyofukiwa ardhini, mjini Kericho, kwa fundi wa redio anayeitwa Ogoti. Ni ile ya bei nafuu, fimbo yenye sahani chini na kisanduku kinacholia juu. Shemeji yangu wa Ndanai ana shamba palipokuwa soko zamani, na kila akilima, plau huleta juu senti zile za kikoloni zenye tundu. Nilitaka kwenda huko nijaribu bahati yangu. Ogoti hakunificha kitu. Alisema, "Mzee, udongo yenu ni nyekundu, iko na chuma ndani yake. Hii mashine itakulilia bure, na kitu ikiwa chini sana haitasikia. Ipime kwanza." Mimi nilibeba neno la kupima. Hayo mengine niliyaacha dukani kwake.

Mnamo Jumamosi tarehe 8 Machi, saa nne asubuhi, nilizika sarafu tisa kwenye kipande kitupu kilicho kati ya michai yangu na nepia, yale majani ya ng'ombe. Kila shimo nililipima kwa tepu ya fundi. Nane zilikuwa za siku hizi, za shilingi kumi na ishirini. Mbili nilizifukia inchi mbili, mbili inchi tatu, mbili inchi nne, mbili inchi tano. Ya tisa ilikuwa shilingi ya zamani yenye simba, ya mwaka 1942. Baba yangu aliipata katika mshahara wake wa kwanza wa kuchuma chai kwa wazungu, na hakuitumia hata mwaka ule wa njaa. Hiyo niliifukia inchi kumi, kwa sababu boksi la mashine lilikuwa limeandikwa kwamba inafika inchi kumi na mbili. Mke wangu, Rodah Chepkorir, aliniuliza kama kweli nitakitia kitu cha mzee kwenye matope. Nilimwambia jaribio lisilo na kitu cha maana si jaribio. Niliweka kijiti kila shimo na kuandika kila kitu kwenye daftari.

Nilipokuwa nikizika, Wilkista alipita na kikapu mgongoni akitoka kuchuma. Akasema, "Mzee, sasa umeanza kupanda pesa?" Alicheka, nami nikacheka. Jirani yangu Chepchirchir naye alikuwa akipeleka ng'ombe mtoni. Yeye alisimama kwenye ua akatazama mpaka nikafukia ya mwisho. Afisa aandike kwamba walikuwa wawili. Katika maelezo ya Ijumaa nilitaja mmoja.

Niliziacha siku sita ili udongo ushikane. Mvua ilinyesha siku nne katika hizo.

Mnamo Ijumaa tarehe 14 Machi, saa mbili na nusu asubuhi, nilianza kupima. Za inchi mbili na tatu zililia vizuri hata ng'ombe wakainua vichwa. Za inchi nne zililia. Za inchi tano zililia kwa taabu, kama kifaranga kilichofunikwa na karai. Hapo ndipo karani wa miaka ishirini na sita alipaswa kusimama na kujiuliza swali. Kama inchi tano ni taabu, inchi kumi itakuwaje? Sikujiuliza. Nilipitisha mashine kwenye kijiti cha tisa mara nne, ikanyamaza. Nikaandika kwenye daftari: "9: haipo."

Nilichimba kidogo kwa panga, kama inchi nne hivi. Udongo ulikuwa laini. Nikajiambia kuna mtu amefukua. Ulikuwa laini kwa sababu mimi mwenyewe ndiye nilikuwa nimeuchimba wiki iliyotangulia. Sikuendelea kuchimba.

Saa nne kasorobo nilikwenda kwa Wilkista. Anaishi katika chumba changu cha nyuma, huu ni mwaka wake wa sita. Alikuwa anafua. Nilimwambia sarafu ya baba haipo na yeye aliniona nikiizika. Alisema, "Mzee, nilikuona ukizika. Sikukuona ukifukua, na mimi pia sijafukua." Nilimwambia nitapitisha mashine chumbani kwake. Alipangusa mikono, akafungua mlango mwenyewe, akasema, "Pitisha."

Sakafu yake ni ya udongo mwekundu, ameikandika vizuri kwa mikono yake. Mashine ililia karibu na kitanda. Ililia pia karibu na mlango, na karibu na jiko. Majirani walikuwa wamekuja kusikiliza, Chepchirchir akiwa mmoja wao. Nilichukua jembe nikachimba sakafu mahali patatu, mbele ya watu wote. Nilimwona Wilkista akishika ukuta. Hapakuwa na kitu, hata msumari. Ulikuwa udongo tu, ule ule ambao Ogoti aliniambia utanililia bure.

Mtu mwenye haya angeomba msamaha hapo. Mimi nilisema ameshaihamisha. Wilkista aliniuliza, "Kwa hivyo hii mashine inanijua kuliko wewe?" Nikamjibu kwamba mashine haina ukoo wala urafiki. Wale watu walitikisa vichwa kukubali, na nilisikia vizuri moyoni walipofanya hivyo. Hilo linaniuma kuliko mengine.

Saa nane mchana nilikuja hapa. Nilisema mashine ililia chumbani mwake mara tatu. Sikusema kwamba nilichimba nikakosa. Afisa aliponiuliza nani mwingine alijua sarafu iko wapi, nilisema ni Wilkista peke yake. Saa kumi na moja alikamatwa.

Jumamosi tarehe 15 Machi asubuhi, mke wangu alimletea chai na mahindi ya kuchemsha hapa kituoni. Saa kumi na moja jioni nilikuwa nimekaa mezani. Rodah alichukua uma-jembe akaenda kwenye vile vijiti. Nilimwita nikamwambia mashine imeshakataa mahali pale, asijisumbue. Hakugeuka. Kama robo saa hivi akarudi, akaiweka shilingi ya baba karibu na kikombe changu, ikiwa na udongo wake. Akasema, "Ilikuwa mahali uliiweka. Vaa viatu twende."

Nilimwambia ofisi imefungwa. Yeye anajua, na mimi najua, na afisa anajua kwamba kituo cha polisi hakifungwi. Nilikuwa nimeona Chepchirchir na wengine wako barabarani wakitoka kukamua, na sikutaka wanione nikielekea huku. Kwa hiyo Wilkista alilala seli usiku wa pili. Usiku wa kwanza naweza kusingizia mashine. Huo wa pili ni wangu peke yangu.

Leo Rodah hakwenda kanisani. Alikaa mlangoni na viatu vyangu mapajani mpaka nikavivaa. Tulikuja kwa miguu kupitia sokoni, si njia ya chini isiyo na watu, kwa sababu alisema njia ya chini nimeshaipita vya kutosha.

Afisa Nyambeki ameniuliza kwa nini Ijumaa sikumtaja Chepchirchir, ambaye aliona zaidi. Ameniambia pia naweza kutojibu. Nitajibu. Chepchirchir ni wa kwetu. Tulibatizwa siku moja, na mume wake ni rika langu. Kama ningemtaja, ningelazimika kuwa na ushahidi. Wilkista anatoka upande wa ziwani, hana ndugu kijijini, na nilijua kwamba kwake mlio wa mashine ungetosha. Sikulipanga kwa maneno kichwani siku hiyo. Lakini nilijua.

Sina malalamiko yoyote dhidi ya Wilkista Amondi. Hajaniibia kitu, si sasa wala miaka hiyo sita. Naelewa kwamba kutoa habari za uongo kwa polisi ni kosa na naweza kushtakiwa. Sipingi. Niliyo nayo ni hayo, na safari hii sikubakiza kitu. Nimesomewa nikakubali kwamba ndiyo niliyosema.

Sahihi ya shahidi: N. K. Langat

MAANDISHI YA AFISA

Maelezo haya nimeyaandika mimi, Konstebo Nyambeki, na kumsomea shahidi kwa Kiswahili, lugha anayoielewa. Hakulazimishwa wala kuahidiwa chochote. Nimepokea vielelezo viwili: sarafu moja ya zamani yenye picha ya simba, na daftari la shahidi. Kwenye daftari, mstari wa tisa unasomeka "haipo." Shahidi aliomba kalamu ili aukate. Nilimkataza, kwa kuwa sasa ni kielelezo. Jalada limepelekwa kwa mkuu wa kituo kwa hatua zaidi dhidi ya shahidi.

Wilkista Amondi aliachiliwa saa saba kasorobo mchana na kurudishiwa simu, mshipi na ufunguo wa chumba. Mke wa shahidi alimpokea mlangoni. Shahidi alikuwa kwenye benchi, akasimama, akavua kofia, akaanza kusema neno. Amondi hakumngoja amalize. Alimwuliza kama ameziba sakafu yake.

Shahidi alijibu: "Bado."

Sahihi ya afisa: Nyambeki, Konstebo
Saa ya kumaliza: Saa saba na dakika tano mchana